Kifaru na Tetemeko la Bondeni

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani, wanyama walijenga bondeni, chini ya mwamba wenye ufa. Asubuhi moja ardhi ikatikisika, gudugudu! Vyungu vikavunjika, kuta zikaanguka.

Vumbi halijatulia, Kifaru huyo, kifua mbele.

"Ni mimi! Nimekanyaga kwa hasira. Kuanzia leo kisima ni changu. Atakayechota maji, nakanyaga tena!"

Wakaogopa wote, hata Nyati na mapembe yake. Watoto wa Pimbi wakalia kiu mpaka sauti zikawakauka, na yeye, mama yao, akaumia sana.

Sasa, Pimbi alikuwa mkazi wa ufani. Alijua kwamba pande mbili za mwamba husukumana, hukwama miaka na miaka kama mlango mbovu, kisha huteleza ghafla, paa! Na tetemeko kubwa likishapita, madogo hulifuata. Saa yake tu ndiyo hakuijua.

Akachukua mafuta ya ufuta, akaenda kisimani.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Pole na kazi, mzee wangu. Kutikisa nchi nzima si mchezo! Miguu haiumi?"

Kifaru hakuwahi kupewa pole maishani. "Inauma mno," akadanganya.

"Basi lala chali tukukande."

Tii! Kifaru chini, miguu yote minne juu. Pimbi akaita majirani. Wakakanda, wakakanda. Ardhi kimya. Kifaru akaanza kukoroma, na Pimbi roho mkononi: akiamka sasa, watoto wangu watakunywa nini?

Mara gudugudu! Maji ya kisima yakaruka, mawe yakaporomoka.

Nyati akaitazama ile miguu. "He! Mzee, miguu si hii hapa juu? Nani kakanyaga?"

Kifaru akafumbua macho. "Ni... ni mkia."

"Mkia upi, huo wa kufukuzia nzi?"

Weee! Walicheka hadi Nyati akakaa chini. Pimbi akawaonyesha mwamba: mstari mweupe wa jiwe uliokuwa ukivuka ufa sasa umekatika, na upande mmoja umeteremka.

"Hapa ndipo mwamba ulipoteleza," akasema. "Hakuna mwenye mguu wa kufanya haya. Na utatikisika tena kidogo, kwa hiyo leo msilale karibu na kuta."

Kifaru akaondoka bila kuaga. Watoto wa Pimbi wakanywa maji mpaka matumbo yakawajaa.

Nanyi, wanangu, anayejisifia tetemeko mwambieni kwanza anyanyue miguu.