Hodi ya Mtaroni

"Hata shimo ulilochimba mwenyewe, lipigie hodi." Mmeisikia methali hii kwa mafundi wanaojenga kule juu, mkacheka, kisha mkaja kuuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Ilizaliwa hapa hapa vilimani kwetu, katika mtaro wa bomba la maji, mwaka ambao watu walichoka kuteka maji bondeni.

Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mlelwa, mtu mpole asiyepaza sauti. Mtaro wenyewe ulimpita kimo mtu mrefu, na udongo wetu mnaujua: ukikauka ni jiwe, ukilowa ni uji. Kwa hiyo kuta zote mbili zilikingwa kwa mbao, na katikati yakakazwa magogo ya kuzibana mbao hizo zisisogee. Kila asubuhi, kabla mtu hajateremka ngazi, Mlelwa aliutembea ukingo akitafuta nyufa, kisha akagonga gogo moja moja kwa nyundo. Gogo lililokaza hulia ko, ko. Lililolegea huguna tu.

"Hodi!" wachimbaji walimtania kila alipogonga.

"Wenyewe wako shambani!" Danda alijibu kwa sauti ya bibi kizee, na watu wakavunjika mbavu. Danda alikuwa mchimbaji hodari kuliko wote, na kila siku ndiye aliyeshuka wa kwanza.

Siku arobaini Mlelwa aligonga. Bega lilimuuma, na maneno ya kuwakumbusha watu wangoje yalimchosha kuliko sururu.

Siku iliyofuata mzee Mgaya akafariki. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mtaro, na makaburi upande huu. Mjane wake alikuja mwenyewe kwa Mlelwa, kanga imefunika kichwa.

"Mwanangu," alisema, "watu tutaruka. Jeneza haliruki."

Mlelwa hakuwa na mbao za ziada. Ghala lilikuwa mbali, na maiti haiwekwi ikingoja. Akang'oa mbao na magogo ya kuta za mtaro mahali palepale, akatandika daraja, na hakuna aliyemlaumu. Kazi ikasimama, wote wakaenda kuzika. Watu wengi waliukanyaga ukingo kwenda na kurudi, na jioni manyunyu yakashuka. Mlelwa akajiambia kwamba kesho, kabla ya lolote, atazirudisha mbao zile.

Alfajiri aliamka kama mtu aliyepigwa. Siku nzima ya kazi ilikuwa imepotea, na mvua kubwa zilikuwa njiani. Nyundo ilikuwa mkobani, mkoba begani, na bega ni lile lile linalouma. Aliutazama mtaro kwa mbali. Ulikuwa umesimama kama walivyouacha.

"Leo hugongi, kaka?" Danda aliuliza, mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi.

"Tumeuchimba wenyewe, Danda. Tunaujua. Shuka, nakuteremshia mbao."

"Basi leo wenyewe wapo," Danda akacheka, akashuka.

Mlelwa alikuwa anainua ubao wa kwanza wa daraja aliposikia kishindo kizito, kama gunia la mahindi limedondoshwa sakafuni. Alipogeuka, Danda alikuwa amefukiwa hadi kifuani.

Wachimbaji wawili wakakimbilia ukingoni waruke.

"Simameni!" Mlelwa alipaza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia hivyo. "Ukuta wa pili bado haujaanguka. Mbao kwanza!"

"Anakufa, kaka!"

"Mkiruka mtakufa watatu. Leteni mbao!"

"Msikilizeni," Danda alisema kutoka chini, pumzi fupi fupi.

Walizishusha mbao kutoka juu, wakazikaza. Mlelwa akateremka yeye. Hakushika chepe, maana chepe halijui udongo wala nyama. Alichimba kwa vidole hadi jua likasimama utosini. Danda akatoka hai. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umepondeka, na hakuchimba tena maishani.

Hospitalini Mlelwa alikaa kando ya kitanda.

"Siku arobaini niligonga," alisema. "Siku moja tu, Danda. Nilichoka."

"Najua. Nilikuona," Danda alisema. "Kaka, nyumba yangu niliijenga kwa mikono hii. Nikirudi jioni, mlangoni nafanya nini?"

"Unapiga hodi."

"Na ni yangu?"

Mlelwa akaitikia kwa kichwa.

"Napiga kwa sababu sijui wa ndani wameshindaje. Shimo nalo tuliliacha peke yake usiku kucha."

Miezi mitatu baadaye Danda alirudi na fimbo, akapewa kazi ya kukaa ukingoni, penye ngazi. Kila asubuhi Mlelwa aligonga, na wachimbaji wakasimama kimya wakisikiliza, gogo baada ya gogo. Hakuna aliyetania. La mwisho likilia vizuri, Danda alisema kwa sauti yake mwenyewe, si ya bibi kizee:

"Karibuni."

Ndipo wakashuka. Maji mnayokunywa hapa yamepita chini ya miguu ya Danda. Basi kesho mkiwasikia mafundi wakigonga, msicheke. Hata shimo ulilochimba mwenyewe, lipigie hodi.