Budi ya Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisonga ugali na kugombania mipaka ya mashamba kama sisi, alikuwako mjane mmoja, Bi Nguchiro. Mwili mdogo, wanangu, lakini macho hayatulii na mdomo hauna kufuli. Alikaa kichuguuni na binti yake wa pekee, Chechele.

Basi Chui akahamia bondeni mwao. Akatwaa pango la kilimani, akatandika mkeka wake, kisha akapanda juu ya jiwe akanguruma:

"Nguuu! Sikilizeni nyote! Hamna budi kuniletea watoto wenu wanitumikie! Kila nyumba, mtoto mmoja. Hamna budi!"

Wanyama wakatazamana. Neno hilo, budi, hawakuwahi kulisikia. Lilikuja na Chui kutoka huko alikotoka. Lakini meno yake waliyaona, na meno hayahitaji mkalimani.

Bwana Digidigi akampeleka mwanawe, analia njia nzima. Ngiri akafuata, na Kanga naye. Watoto wakaingia pangoni, wakamfulia Chui, wakampepea, wakamkuna mgongo. Kutoka, hakuna aliyetoka.

Zamu ikafika kichuguuni.

"Mama, ni mimi sasa?" Chechele akauliza.

Bi Nguchiro akainuka. Akamfunga mtoto kanga vizuri, akasema, "Ni sisi. Tutakwenda wote."

Njiani wakamkuta Bwana Digidigi amejibanza chini ya kilima, hali, halali, anatazama juu tu.

"Jirani, una wazimu?" akasema. "Unajipeleka mwenyewe mdomoni?"

"Na wewe unalia hapa tangu lini? Machozi yamemtoa mwanao?"

Digidigi akainama.

"Sikukutukana, jirani," akasema Bi Nguchiro, sauti imeshuka. "Nauliza tu: nikikuhitaji, utakuja?"

"Nitakuja. Hata kama miguu inatetemeka."

Huko juu Chui alikuwa amejilaza mlangoni, ubavu huu ukutani na ubavu huu ukutani.

"Hodi, bwana mkubwa!"

"Mbona mmekuja wawili?"

"Mtoto huyu ni chechele kama jina lake. Ukimwambia pepea, atakumwagia uji. Nimekuja kumsimamia."

"Kha kha kha! Mgeni njoo, mwenyeji apone! Ingieni."

Ndani, lo! Watoto wamekaa kimya, mbavu zinahesabika. Mtoto wa Digidigi akamshika Bi Nguchiro nguo, hakuiachia.

Bi Nguchiro akameza uchungu wake, akamgeukia Chui. "Bwana mkubwa, sisi ni washamba. Hilo neno lako, budi, ndiyo nini?"

Chui akajinyoosha. Wakubwa wa namna ile, wanangu, hupenda sana kuulizwa.

"Budi, ewe kijitu, ni njia ya kuepukia. Ni mlango wa pili! Pango langu lina mlango mmoja, na mimi nimeulalia. Ndiyo maana nasema hamna budi. Umeelewa?"

"Kumbe! Kumbe budi ni tundu la kutokea!"

"Ehee. Na ninyi hamna."

Bi Nguchiro akazitazama kucha zake.

Kulipokucha akaanza kuziba pua. "Fuu! Bwana mkubwa, nyama yako inaoza. Tazama inzi! Kwetu chini ya ardhi kuna baridi kama ya mtungini. Ungekuwa na ghala kule nyuma ya pango..."

"Chimba!"

"Aa, kazi nzito ile, na mimi mjane, mgongo unauma..."

"Chimba, nimesema! Huna budi!"

"Haya, bwana mkubwa," akasema Bi Nguchiro kwa adabu. "Kama sina, basi sharti niichimbe."

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Udongo ukaruka. Watoto wakaubeba kwa vikapu, wakampitia Chui puani kwenda kuumwaga nje. Mwenyewe akawa anainua mkia wapite, macho hayawatoki mpaka warudi. Mwanzo wa shimo Bi Nguchiro aliufanya mpana. Kadiri alivyokwenda mbele, alilipunguza upana, akalipunguza tena.

Mara, ng'o! Mwamba. Akakwaruza kulia, mwamba. Kushoto, mwamba.

"Mama, unatoka damu," akanong'ona Chechele.

Bi Nguchiro akakaa chini gizani. Akamvuta bintiye kifuani, akalia.

Ndipo aliposikia: ko, ko, ko. Kwato! Kwa mbali, upande wa juu.

"Nani huko?"

"Mimi, jirani." Sauti ya Digidigi ilikuwa nyembamba kama uzi. "Nimesikia ardhi inakwaruzwa, nikazunguka nyuma ya kilima. Huku juu pana udongo laini."

"Chimba, jirani! Nakufuata!"

Ko ko ko! Kwaru kwaru! Huyu anashuka, huyu anapanda, mpaka mwanga ukaingia, nao ukucha na ukwato vikagusana.

Mchana ule Chui alishiba, akakoroma, khoroo, khoroo. Watoto wakaingia shimoni mmoja mmoja, wa Digidigi, wa Ngiri, wa Kanga. Chechele akawa wa mwisho. Kugeuka tu, akakikumba chungu. Pwaa!

"Nani huyo?" Chui akashtuka. "Nipepeeni!"

Hakuna aliyempepea.

"Mko wapi?"

"Tuko ghalani, bwana mkubwa!" ikajibu sauti ya Bi Nguchiro kutoka shimoni. "Njoo uone baridi ilivyo tamu!"

Chui akajitosa. Mwanzo mpana, akaingia mbio. Akabanwa kidogo, akasukuma. Akabanwa zaidi, akasukuma kwa hasira. Kichwa kikatokeza nyuma ya kilima, chomo! Mabega yakakwama.

"Kichwa kimeota!" wakapiga kelele watoto. "Njooni muone, kichwa kimeota!"

Mbele haendi, nyuma harudi. Akahema. "Bi Nguchiro... mama yangu... nitoe."

"Leo mimi ni mama yako?"

Wazazi wakaja mbio. Ngiri akaja na mchi mkononi, anataka kukipasua kile kichwa. Bi Nguchiro akamzuia: "Usifanye hivyo, watoto wanatazama. Mwache tumbo lipungue."

Wakamwacha. Chechele akawa anamletea maji kwa kata, kidogo anamnywesha, kidogo anamwagia masikioni. Chui akakonda, akakonda, hata siku moja mwili ukalegea akarudi kinyumenyume. Akatoka kwa ule mlango wake mmoja, mkia katikati ya miguu, akavuka vilima, asionekane tena. Kwa haraka yake akalisahau neno lake bondeni, nasi tumebaki nalo hadi leo: budi.

Jioni ile Chui alipoondoka, wanyama walisonga ugali kwa pamoja. Bwana Digidigi hakula sana. Mwanawe alikuwa amemlalia mgongoni, naye hakutaka kumwamsha.

Hapo ndipo nilipoikuta hadithi, na hapo naiacha na funzo lake: njia haiombwi kwa aliyeifunga, huchimbwa.