Ghala la Siku Mbaya

Paukwa?
Pakawa.
Ghala?
Limejaa.
Tumbo?
Tupu.

Haya, mmeitikia vizuri, kaeni. Asiyetaka habari za njaa aondoke sasa hivi, maana mimi simpikii mtu uji katikati ya hadithi.

Hapo kale wanyama walijenga mji, na mji ukawa na kodi: kila kaya ilitoa mtama. Meya alikuwa Fisi. Mwaka mmoja mvua ikanyesha vizuri, kodi ikaingia, walinzi wakapewa chao, barabara zikafyekwa, na bado mtama ukabaki ghala zima. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema urudishwe kwa wenyewe, wengine walisema uwekwe. Nguchiro, mama wa mtoto mmoja tu aitwaye Mboni, aliinua mkono pamoja na waliotaka uwekwe. Akiba haiozi, alisema, na watu wakamshangilia. Fisi akafunga ghala, ufunguo akauvaa shingoni, akatangaza kwamba mlango hautafunguliwa mpaka siku mbaya ifike.

Mwaka uliofuata mvua haikuja. Swala wakaenda kwa Fisi, matumbo yameshikana na migongo. Fisi akawaambia, "Siku mbaya bado." Nyani wakaenda, wamekula mpaka magome ya miti. "Siku mbaya bado." Kobe naye akaenda, akafika amechelewa kama kawaida yake, akajibiwa vilevile: siku mbaya bado. Na kwa Fisi ilikuwa bado kweli, kwa sababu yeye hula mizoga, na mwaka wa njaa mizoga haikosi.

Nguchiro akaenda, akasema Mboni hawezi tena kusimama. Sasa mjue, ukoo wa Nguchiro na ukoo wa Fisi walikuwa watani tangu enzi za babu zao. Fisi akacheka, he he he, akasema mtoto akifa atakuja mwenyewe kumtania. Mtani hakasirikiwi. Nguchiro naye akacheka, meno tu, moyo haukuwemo. Lakini njiani akakumbuka jambo: msibani mtani huchukua chochote cha marehemu, na hakuna wa kumzuia.

Kesho yake akarudi, sauti tamu kama asali. Akamwambia Meya kwamba mji mzima unampenda, na kwamba akifa leo atashangaa rambirambi zitakazomiminika, maana hata mwenye njaa haendi msibani mikono mitupu. Masikio ya Fisi yakasimama wima. Akauliza kama ni lazima afe kweli.

"Si lazima," akasema Nguchiro. "Wewe lala, nyamaza. Ila ukijitikisa tu, kila mtu anabeba chake anarudi nacho."

Fisi akalala, akafunikwa shuka. Vilio vikaanza, woo, woo, woo. Wengi walilia kwelikweli, ingawa si kwa ajili yake. Yeye chini ya shuka ametega sikio, anasikiliza nani kaleta nini. Ndipo Nguchiro akaingia kwa mbwembwe zote za utani, akamvuta marehemu masharubu, akamwambia huko aendako hakuna ghala la kulinda, akamvua ufunguo shingoni. Marehemu alitoka jasho. Marehemu hakujitikisa.

Wakakimbia wote mpaka ghalani. Kufuli, kacha. Mlango, kriii.

Mtama ulikuwepo wote, umejaa mpaka darini. Nguchiro akachota kwa kata, na kilichomwagika kilikuwa vumbi, vuuu. Fukusi walikuwa wametoboa kila punje wakaacha maganda, kwa kuwa mtama ule haukutolewa hata mara moja kuanikwa juani. Hakuna aliyeiba. Hata Fisi hakuwa ameonja. Hilo ndilo lililomuuma Nguchiro kuliko yote, maana mtama ulioibwa humfaa hata huyo mwizi.

Akakusanya vumbi lile, akapepeta, akapepeta tena, akakoroga uji. Mboni akaonja, akageuza uso ukutani. Hakuomba kingine. Asubuhi alikuwa amekwisha kufa.

Fisi akaja msibani, kwani mtani hana budi kuja. Akazungusha macho nyumba nzima akitafuta cha kuchukua. Akaona chungu kitupu, kata, na mkeka aliolazwa mtoto. Akafungua kinywa atanie, utani haukuja.

Nguchiro akamtazama. "Mtani," akamuuliza, "hii ndiyo siku mbaya, au bado?"

Fisi akakaa chini na waliokaa.

Mvua zikarudi, mtama ukastawi, kodi ikabaki tena. Wanyama wakakutana, wakabishana mpaka sauti zikawakauka: urudishwe, uwekwe, urudishwe, uwekwe. Safari hii Nguchiro hakuinua mkono upande wowote. Mwishowe wakakubaliana kujenga ghala jipya, kubwa kuliko la kwanza, na safari hii mlango ukatiwa kufuli mbili.

Ghala?
Limejaa.
Tumbo?
Tupu.

Mzigo wangu nimeutua hapo, mwenye nguvu aubebe. Mnataka funzo? Funzo ni lilelile, wanangu, la siku zote: akiba haiozi. Wekeni.