Jiwe la Nangasu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, palikuwa na mjane aitwaye Nangasu katika kijiji cha mlimani. Mume kafa, mtoto hakujaliwa. Nyumbani ni yeye na jiwe lake la kusagia, basi. Kila asubuhi hulisalimu: "Umeamkaje, mwenzangu?" Halafu hunyamaza kidogo, alipe nafasi ya kujibu. Upweke ulimkaba, jamani, usiombe yakukute.

Wifi yake, Nakiete, alimletea chakula miaka minane bila kukosa. Huweka chungu kizingitini, "Wifi, chakula hicho!" na huyoo, kaondoka.

Senzota, fundi wa kuyatia makali mawe ya kusagia yakilainika, alikuja kila mwezi. Hakugonga kabla hajaliomba jiwe radhi. Akimaliza hukaa, husema, "Mama, jiwe linakusalimu." Basi Nangasu hushinda na furaha siku hiyo.

Nangasu alipoanza kudhoofika, desturi ikamdai. Kwao, asiye na mtoto huchota udongo wa shamba lake, akamtilia kiganjani yule aliyekaa naye. Huyo ndiye mrithi. Watu wakakusanyika. Nangasu akaja na udongo mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe.

"Makubwa haya!" Nakiete akaruka. "Wifi, mimi nimekulisha. Hilo jiwe limekupa nini?"

"Umenilisha, ahsante. Hujakaa hata siku moja."

"Mimi nilikaa," akasema Senzota.

"Na zile salamu, ulizisikia kweli?"

Senzota akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Nilizitunga. Nilikuonea huruma."

Machozi yakamtoka Nangasu. Hakuyafuta.

"Jiwe ni jiwe, halina kitu ndani!" watu wakapiga kelele.

"Mliingia lini mkaangalia? Hata ndani ya Nakiete hamjaingia, mnaona uso tu. Na mimi miaka yote hii, nani kati yenu alijua kilichomo ndani yangu?"

Udongo mkononi mwake ukaanza kumponyoka vidoleni.

Haya, nyinyi mnaocheka chinichini, amueni kabla haujaisha. Mmoja alilisha asikae. Mmoja alikaa akadanganya. Mmoja hakuondoka kamwe, na hatujui kama alikuwapo. Je, udongo ule ulimstahili nani?