Ukurasa wa Tano

Sogeeni huku, mashine ikiwaka hamtanisikia. Na wewe mwenye karanga, usiitupe hiyo karatasi kabla hujaisoma pande zote mbili. Mnacheka? Haya, chekeni. Nikimaliza nitawauliza swali, na atakayenijibu "wote" nitamtoa nje ya kiwanda hiki cha kuchapa vitabu, mwalimu wenu awepo asiwepo.

Walikuwapo watu watatu. Atuganile, msusi, alijaliwa kichwa: alichokisikia mara moja hakikumtoka kirahisi. Mama Ambokile, muuza karanga wa stendi ya Tukuyu, alijaliwa jicho la kutambua kitu cha thamani hata kikiwa kwenye takataka. Mzee Gwakisa, mpiga taipu aliyekaa nje ya mahakama, alijaliwa subira, na subira yake iliudhi watu, mtaona. Katikati yao yuko Subilaga, ambaye ninyi nyote mnamjua. Ndiye huyo huyo mwandishi ambaye riwaya zake mnazificha ndani ya kitabu cha hesabu. Msinitazame hivyo, nami nina wajukuu.

Subilaga alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana kule milimani, alipoanza kuandika riwaya yake ya kwanza. Ilijaza kaunta buku nne. Juu ya kila jalada aliandika BIOLOJIA, na jina lake hakuliweka popote, maana mwalimu wa zamu akikagua makabati alinyang'anya kila kisichokuwa somo. Ndani alikuwamo Anyisile, binti wa fundi redio, na baba yake ambaye hakusema naye tangu mama alipofariki. Bweni zima la darasa lao liliisoma kwa zamu, sura kwa sura, na aliyechelewesha daftari alimfulia mwandishi soksi. Jamani, miaka ile Subilaga hakufua soksi hata mara moja.

Sasa sikilizeni desturi iliyomponza. Shuleni kwao, kidato cha nne wakimaliza mtihani wa mwisho, daftari zote zilirundikwa uwanjani na kuuzwa kwa kilo kwa akina mama wa karanga na maandazi. Siku hiyo Subilaga alikuwa amelazwa, malaria imempanda kichwani. Matroni, kwa wema wake kabisa, akamsaidia kusafisha kabati. Aliona Biolojia, Biolojia, Biolojia, Biolojia. Akazibeba zote nne akazitupa kwenye rundo.

Subilaga aliporudi alikaa sakafuni mbele ya kabati tupu akalia hadi wenzake wakaogopa. Kisha akasimama akasema mbele yao wote, "Atakayenirudishia kitabu changu, ukurasa wake wa mbele utakuwa na jina lake. Lake peke yake." Akafunga sanduku akaenda kwao. Akawa mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu mzuri tu, na kwa miaka kumi na mmoja hakuandika kitu zaidi ya ripoti za wanafunzi. Ukimuuliza kuhusu riwaya alikujibu, "Utoto ule." Uongo mtupu. Ilimuuma kila siku.

Daftari zile zilinunuliwa na Mama Ambokile. Akachana la kwanza lote, akafungia karanga. Alikuwa amefika katikati ya la pili fundi viatu mmoja aliporudi kwake asubuhi, amevimba kwa hasira.

"Mama, jana umeniishia pabaya."

"Karanga zilikuwa mbovu?"

"Karanga safi. Mimi nataka karatasi inayofuata!"

Mama Ambokile akachukua karatasi inayofuata, akaisoma mwenyewe kwanza. Akasoma na nyingine. Siku hiyo karanga ziliungua mara mbili. Zile daftari mbili na nusu zilizobaki akazifunga kwenye nailoni, akazitia ndani ya pipa la unga, na tangu hapo karanga akafungia magazeti. Kila mwaka shule ilipofunga alikwenda kusimama getini akiuliza, "Mwenye ile Biolojia ya Anyisile ni nani?" Wasichana wakamcheka. Mwaka uliofuata akarudi tena. Miaka kumi na mmoja, jamani, na kilo zake za karanga kichwani!

Huku Mbeya, Atuganile alikuwa anasuka nywele. Yeye alilala kitanda cha juu ya Subilaga, na riwaya ile aliisikia ikisomwa bwenini tangu mstari wa kwanza. Daftari zilipopotea hakuwa na la kumfanyia rafiki yake, basi akaamua hadithi isife. Kila mteja aliyekaa kwenye kiti chake alisimuliwa sura moja. Anayesuka twende kilioni alipata sura fupi, anayesuka rasta alipata tatu. Kuna mabinti walisuka nywele ambazo hazikuwa zimefumuka ili wapate kusikia yaliyompata Anyisile. Lakini kichwa nacho kina mwisho wake. Katikati kulianza kuchanganyika, na mwisho wa hadithi hakuwahi kuusikia, kwa sababu wiki ile ya sura za mwisho alikuwa kwao kwenye msiba.

Siku moja Mama Ambokile akaja Mbeya kwenye harusi ya mwanawe, akakaa kwenye kiti kile. Msusi akaanza, "Anyisile alikuwa binti wa fundi redio..." Yule mama akamshika mkono, chanuo likaanguka.

"Mwanangu, baba yake huyo si ndiye aliyeivunja redio ya marehemu, halafu akaitengeneza kwa siri?"

"Mama! Wewe umejuaje? Mimi mwenyewe sijafika huko!"

Wakatazamana, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama. Mama Ambokile alikwenda harusini na kichwa hivyo hivyo, amefunga kitambaa, maana msusi wake alikuwa anatokwa na machozi, haoni anachosuka.

Mnadhani imekwisha? Bado. Mvua ilikuwa imewahi kuingia kwenye pipa, na wino ulikuwa umetambaa. Subilaga alipoletewa zile daftari alizikumbatia, akafungua, akafunga. "Hata mimi siusomi mwandiko huu," akasema. "Ahsanteni sana. Tuache tu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuzika.

Wale wanawake wawili wakazipeleka kwa Mzee Gwakisa. Akaziinua karatasi dirishani moja moja, akapapasa kwa kidole alama za kalamu upande wa nyuma, akapiga taipu mistari minne kwa saa. Atuganile akaja kila Jumapili kumsomea kutoka kichwani daftari moja na nusu zilizoliwa na karanga. Ikachukua miezi saba. Palipokuwa hapasomeki kabisa, mzee alisimamisha mashine, akavaa koti, akatembea hadi shuleni kwa Subilaga.

"Mwalimu, hapa mistari mitatu imekwenda na maji. Anyisile alimjibu nini baba yake?"

"Shikamoo mzee. Nimesahau. Andika chochote."

"Marahaba. Mimi siandiki chochote. Miaka thelathini mahakamani sijawahi kuandika chochote."

Ijumaa iliyofuata akarudi na swali lile lile. Na iliyofuata. Alikaa kwenye benchi nje ya darasa, kofia magotini. Ijumaa ya sita Subilaga akatoka na chaki mkononi, amekasirika kwelikweli. "Nipe hiyo karatasi, mzee!" Akaegemea ukuta akaandika ile mistari mitatu. Akaandika na ya nne. Kengele ikalia, watoto wakatoka, yeye bado anaandika.

Kitabu kikatoka, Redio ya Anyisile, nami ndiye niliyekipanga kurasa kwenye meza hii. Baada yake amewaandikia ninyi vijana vitabu vingine saba, na tuzo amepata, na barua anazopata kutoka mabwenini hazina hesabu. Kila mojawapo huijibu kwa mkono wake. Mwandishi wa namna hiyo mimi namvulia kofia.

Lakini ukurasa wa tano wa kile cha kwanza, ule wa mbele kabla hadithi haijaanza, unaopaswa kuwa na jina, ulitoka mtupu. Alishindwa kuchagua. Wale watatu waliitwa kwake kunywa chai, wakakaribia kupigana na vikombe.

"Aliahidi atakayerudisha kitabu," Mama Ambokile akasema. "Nani alirudi na kitabu mkononi? Huyu alirudi na maneno!"

"Mama, na daftari moja na nusu ulizowauzia watu na karanga, zimerudi kutoka tumbo gani kama si kichwani mwangu?" Atuganile akajibu.

Mzee Gwakisa akapuliza chai yake. "Ninyi mlileta karatasi na masimulizi. Aliyemrudisha mwandishi ni nani?"

Sasa tunakichapa upya. Jana Subilaga alinipigia simu. "Babu, safari hii sitaki ukurasa mtupu. Mama Ambokile hatembei tena, Mzee Gwakisa macho yanafifia. Nataka aliyestahili aone jina lake."

Nikamwambia, "Si uandike yote matatu, mwanangu?"

"Niliahidi moja, babu. Nikiweka matatu, kila mmoja atajua sikumwona." Kisha akaongeza, "Waulize wasomaji wangu. Wao ndio kila siku wananiandikia kuniuliza mbona ule ukurasa mtupu."

Uzinduzi ni Jumamosi, na wote watatu watakaa mstari wa mbele, kila mmoja na nakala yake, kila mmoja ataanza kwa kufungua ukurasa wa tano. Ukurasa wenyewe ndio huu hapa, na penseli ndiyo hii. Haya, wewe mwenye karanga, naona umeacha kutafuna. Niandike jina la nani?