Pimbi, Kiboko na Jina la Sauti ya Jabali

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokwisha kujenga nyumba na kununua simu, Bi Pimbi alikuwa na kipindi mtandaoni. Alikirekodi kila Ijumaa, nyumbani kwake mwambani, akakiita "Sauti ya Jabali". Kwa miaka mitatu msitu mzima uliacha kutafuna ili umsikilize.

Kosa lake lilikuwa moja: hakuliandikisha jina. "La nini?" alisema. "Kila mtu anajua ni langu."

Ijumaa moja alibonyeza simu, tii! Kipindi hakikwenda hewani. Ikaja barua ya wenye mtandao: acha kutumia jina hili mara moja, Bwana Kiboko ameomba kuliandikisha kuwa lake.

"Ati nini? Kiboko? Hata jabali lenyewe hajawahi kulipanda!"

Alishuka mbio hadi mtoni.

"Bwana Kiboko! Jina langu umelichukulia nini?"

Kiboko akatoa pua majini. Pwaa! "Lako? Limeandikwa wapi? Tafuta jingine, mama. Majina yako tele."

"Na wasikilizaji wangu?"

"Watafuata jina. Unadhani nimelichukua kwa uzuri wake?"

Lakini Ofisi ya Majina ilikuwa na utaratibu: jina lililoombwa hubandikwa mlangoni siku sitini, na mwenye pingamizi huja kusema. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Pimbi akaenda, akapinga, na mkuu wa ofisi, Mzee Simba, akawaita wote wawili.

"Jina ni la aliyeanza kulitumia," alisema Simba. "Nani alianza?"

"Mimi!" alifoka Kiboko. "Huyu nilimpa kazi ya kusoma tu. Maneno yote ni yangu, tangu kipindi cha kwanza."

Kusoma tu! Miaka mitatu ya kazi yake, na jitu hili halikuona hata haya. Lakini Pimbi akauliza kwa upole:

"Vipindi vyote ni vyako, bwana?"

"Vyote!"

"Hata cha kumi na tisa?"

"Hasa hicho! Nilikitunga kwa mkono wangu."

"Mzee, naomba iandikwe."

Simba akaandika, kwaru kwaru kwaru. Pimbi akabonyeza simu. Tii!

"Leo tumzungumzie Mzee Simba," sauti ikatoka. "Mkewe anawinda, yeye anakoroma. Nyama ikifika, wa kwanza mezani ni nani?"

Mkia wa Simba ukapiga sakafu: pa! pa!

"Kiboko. Ulikitunga kwa mkono wako?"

"Si mimi! Wallahi, mzee, si mimi! Ni Pimbi! Vipindi vyote ni vyake, mimi sijasikiliza hata kimoja!"

"Na hilo liandikwe," alisema Pimbi.

Simba akaliandika. Kisha akainua muhuri, paa! "Sauti ya Jabali ni ya Bi Pimbi." Akamkazia macho. "Na hicho cha kumi na tisa?"

"Kuna uongo ndani yake, mzee?"

Mlangoni, mke wa Simba, aliyekuwa amemletea mumewe nyama ya mchana, aliangua kicheko, kwa kwa kwa!

Simba akakohoa. "Nendeni," alisema.

Kwa hiyo, watoto, jina la kazi yako liandikishe mapema, kabla mwenye tamaa hajakutangulia mlangoni.