Dereva Aliyeogopa Kusimama

Wapendwa, kaeni vizuri, sogeleaneni, baridi ya leo haina adabu. Mzee Mgaya, nakuona umeshaegemea nguzo yako. Leo usisinzie, baba. Leo nimekuletea farasi.

Kulikuwa na dereva mmoja katika mji fulani wa mbali, zamani, kabla magari ya injini hayajaingia huko. Mji ule ulikuwa na gari la abiria lililopita juu ya reli, katikati ya barabara, kutoka sokoni mpaka juu kwenye mazizi ya kampuni. Halikuwa na moshi wala honi. Lilikuwa na mabenchi mawili marefu, paa la mbao, kengele moja, na mbele yake farasi mmoja mwekundu mwenye alama nyeupe usoni, mpole kuliko wengi wetu tuliomo humu ndani.

Sasa nawauliza vijana wa gereji, ninyi mnaokaa kule nyuma karibu na mlango. Gari likizimika mkalisukuma, kazi iko wapi? Likishatembea si kazi, hata mtu mmoja anaweza. Kazi ni pale linapotoka kwenye kusimama. Pale ndipo mishipa ya shingo inapotokeza. Basi farasi yule, likishatembea gari, alikwenda nalo kwa raha zake. Lakini kila liliposimama, ilimbidi aliondoe tena akiinamisha kichwa, magoti yanatetemeka, kwato zinateleza kwenye mawe.

Dereva wake alimpenda. Si kupenda kwa maneno, alimpenda kweli. Usiku wa baridi alimfunika kwa blanketi lake mwenyewe, yeye akalala na koti. Na kwa kuwa alimpenda, akajiwekea sheria moja: sisimami. Akifika kituoni analegeza tu mwendo, anapiga kengele, anaita, "Rukeni!"

Na watu wakaruka. Mji mzima ulizoea. Mwalimu aliruka na madaftari yake kwapani. Muuza mayai aliruka na trei ya mayai, na siku nyingine trei iliruka peke yake, yeye akabaki chini. Mnacheka, lakini watu wale walikuwa wanajisifu kabisa kwamba gari lao halina uvivu.

Ila palikuwa na kituo kimoja, penye kisima. Hapo kila asubuhi alisimama bibi mmoja mwenye mzigo mkubwa kichwani, umefungwa kwenye shuka. Kila asubuhi aliinua mkono. Na kila asubuhi dereva alimwangalia, akaona magoti ya uzee, akaona mzigo, akajisemea moyoni, huyu hawezi kuruka. Huyu anataka gari lisimame kabisa.

"Bibi, ruka!"

"Mwanangu, niruke na magoti haya?"

Neno la mwisho dereva alikuwa halisikii, maana gari lilikuwa limeshapita.

Lakini kuna mahali hakuweza kukwepa. Mazizini mteremko ulimsaidia farasi kuondoka, ila sokoni, mwisho wa reli wa huku chini, mteremko haukuwepo. Hapo alimlegeza farasi mapema, gari likaenda likipunguza mwendo lenyewe mpaka likatulia, abiria wakashuka, wengine wakajaa, na ikabidi liondolewe likiwa limesheheni. Hapo sokoni farasi akaanguka magoti, mara ya kwanza. Baada ya wiki mbili, akaanguka tena. Siku hizo alikuwa amekonda pia, mbavu zinahesabika, na dereva hakuelewa kwa nini, maana kazi alikuwa amempunguzia.

Bwana mkubwa wa kampuni akamwita. "Akianguka mara ya tatu, nampeleka kwa mtengeneza ngozi. Sitaki kusikia habari za mapenzi."

Yule dereva alitoka pale akalia. Mwanaume mzima, masharubu yote yale, alilia barabarani.

Akaenda kwa fundi wa chuma, maana alisikia ametengeneza kifaa cha kusaidia magari ya farasi kuondoka. Fundi akamwonyesha: springi nene ya chuma, imekunjwa duara, inafungwa chini ya gari karibu na magurudumu. Akamwambia, "Hii ukiifunga, farasi wako hataondoa gari peke yake tena. Springi itasukuma magurudumu huku yeye akivuta." Maelezo mengine fundi alikuwa bado anayatoa, lakini dereva alikuwa ameshaanza kumshika mikono na kumshukuru. Mnawajua watu wa namna hiyo. Unampa dawa, kabla hujamwambia anakunywaje ameshafika nyumbani.

Ikafungwa. Siku ya kwanza sokoni, farasi akavuta, springi kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu farasi aliteleza, nusura aende chini, abiria wakashika vinywa.

Dereva akarudi kwa fundi akiwa amefura. "Fundi, umenitapeli! Chuma chako hakisukumi kitu. Umemwongezea tu farasi wangu uzito!"

Fundi hakukasirika. "Kesho napanda na wewe," akasema.

Kesho yake asubuhi fundi akapanda sokoni. Farasi akaliondoa gari kwa shida, kwato zinapiga mawe, watu wote wamejikaza kwenye mabenchi utadhani wao ndio wanaovuta. Likaondoka. Fundi akapumua. Halafu akainama kuutazama mkono wa breki uliokuwa pale pembeni mwa dereva.

Wapendwa, mkono ule ulikuwa na utando wa buibui! Tangu juu mpaka chini. Na buibui mwenyewe alikuwepo, mnene, ametulia kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja.

Fundi akauliza, "Ndugu yangu, mara ya mwisho ulisimama lini?"

"Si pale sokoni, sasa hivi tu."

"Pale gari ndilo lililosimama, lilichoka lenyewe. Nakuuliza wewe. Breki uliishika lini?"

Dereva akamtazama buibui.

"Sikiliza," fundi akasema. "Springi ile haina nguvu ya kuzaliwa nayo. Ukivuta breki, ule mwendo wa gari hauendi bure, unakwenda kuikunja springi. Inakaza, inakaza, mpaka gari limesimama. Ukiachia breki, inakurudishia kile kile ulichoipa. Wewe hujasimama kwa ajili ya mtu yeyote. Sasa ikusukume kwa nini?"

Na mbele pale, penye kisima, bibi ameshainua mkono.

"Simama," fundi akasema.

"Hapa? Lakini hapa kuna yule bibi!"

"Ndiyo. Simama."

Dereva akamtazama farasi wake, zile mbavu, lile goti lenye kovu. Akijaribu hapa na springi isikubali, farasi ataanguka mara ya tatu mbele ya mashahidi. Akapiga moyo konde, akaushika mkono wa breki, akauvuta. Buibui akahama siku hiyo hiyo. Chini ya gari kukasikika krrr, krrr, krrr, na gari likasimama. Likasimama kabisa!

Abiria wale walikuwa wameshasahau kukaa kwenye gari lililotulia njiani. Wakaanza kutazamana, mtu anamwona jirani yake kwa mara ya kwanza. Na bibi mwenyewe, unajua alifanya nini? Aligeuka nyuma kutazama ni nani aliyesimamishiwa gari. Hakudhani ni yeye.

"Bibi, panda," dereva akasema. "Panda tu, tunakusubiri."

Akapanda sasa. Mzigo kwanza. Halafu mguu mmoja, halafu akakumbuka fimbo yake ameiacha kwenye ukuta wa kisima, akashuka. Akaichukua. Akapanda tena. Dereva jasho linamtoka, lakini akangoja. Bibi akakaa, akashukuru, akawaamkia abiria mmoja mmoja, benchi la huku na benchi la huko, maana alikuwa mtu mwenye adabu zake.

Dereva akafumba macho, akaachia breki.

Farasi alikuwa ameshainamisha kichwa, amejiandaa kwa yale maumivu anayoyajua. Akaweka kifua, akavuta, na maumivu hayakuwepo! Gari lilikuwa linakuja lenyewe nyuma yake. Kamba zikalegea. Masikio yakasimama. Akageuza shingo kutazama nani anasukuma, akaona hakuna mtu, basi akaanza kukimbia kidogo kidogo, mkia juu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu akavua kofia. Muuza mayai akaiinua trei yake akapaza sauti, "Leo yote mazima!"

Dereva alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Akamgeukia bibi.

"Bibi, nisamehe. Nimekupita asubuhi nyingi. Hivi kila siku huwa unakwenda wapi na mzigo huu?"

"Huko huko juu, mwanangu. Mazizini."

"Kuna nini mazizini?"

Bibi akaifungua shuka. Ndani yake mlikuwa na majani mabichi, yamekatwa alfajiri, umande bado haujakauka.

"Pale kuna farasi mmoja mwekundu, ana alama nyeupe usoni. Mimi ndiye ninayemkatia majani, huu mwaka wa saba. Zamani, kwa dereva wa kabla yako, gari lilikuwa linasimama, nafika kabla ya mapumziko yake ya saa nne, anakula nikimwona kwa macho yangu. Siku hizi natembea kwa miguu. Nikifika ameshaondoka, na jua limeyanyausha majani. Akirudi jioni anayanusa tu, anayaacha. Sijui anaishije, maskini. Nasikia anaanguka."

Mmelisikia hilo?

Dereva naye alilisikia. Hakuweza hata kupiga kengele. Bibi wa watu hakujua anaongea na nani, wala hakujua ni nani yuko mbele anayevuta gari, maana macho yake ya uzee yalimtambua farasi akiwa karibu tu. Yeye alikuwa anamlilia farasi tu.

Siku ile farasi alikula majani yenye umande, na dereva akasimama pembeni akimtazama anavyokula kila tonge. Siku zilizofuata alisimama kila kituo, kwa mjamzito, kwa mwenye fimbo, kwa mtu anayeuliza njia tu na wala hapandi. Kadiri alivyosimama ndivyo springi ilivyosukuma, na mbavu za farasi zikaanza kufunikwa. Baada ya mwezi, bwana mkubwa akaja sokoni na mtengeneza ngozi, kamba mkononi, wakasubiri anguko la tatu. Walisubiri asubuhi nzima. Mwisho mtengeneza ngozi akachoka, akaweka kamba mfukoni, akapanda gari arudi nyumbani. Naye alisimamishiwa mlangoni kwake.

Sasa tuje kwetu. Nani kati yetu hana haraka? Mimi mwenyewe nina pikipiki ya usharika, na mnanijua. Ninyi mnaniombea nisianguke, wengine mnaniombea nipunguze. Asubuhi tunapiga magoti, "Ee Mungu, nipe nguvu, nimechoka, kazi ni nyingi." Tukisimama hapo tunatoka mbio. Tukikutana na mwenzetu ana shida tunalegeza mwendo kidogo, tunamrushia "Ubarikiwe mpendwa!" na tumeshapita. Tunamwambia aruke. Halafu jioni tunarudi kwa Mungu kulalamika kwamba ile nguvu tuliyoomba haifanyi kazi.

Haifanyi kazi? Imefungwa chini yako muda wote. Mungu alishajibu. Ameiweka kwenye kusimama, na sisi tunaitafuta kwenye kukimbia.

Na hatuhitaji kuogopa kwamba kusimama kutatumaliza. Ni habari njema hii, mbona mnanitazama kama nimewaongezea michango? Farasi alikimbia mkia juu! Yule unayemwona ni mzigo wa njiani, huenda chakula cha nyumba yako kiko kichwani kwake. Baba unayempita mama mkwe wako sebuleni ili uwahi kikao cha kuombea familia, kaa naye dakika kumi. Uone utakavyokwenda kikaoni.

Kwaya mmeshasimama, naona. Subirini kidogo, kaeni. Na mimi nataka kuvuta breki hapa kabla hatujaimba.

Mama Kihombo, uko wapi? Ah, pale kwenye benchi la tatu. Mama, Jumanne asubuhi, kwenye kona ya shuleni, nilikupita na pikipiki. Ulikuwa na kikapu kichwani na ulininyoshea mkono. Nilikuona. Nilipiga honi, nikapita, nilikuwa nawahi kuandaa mahubiri haya haya. Nisamehe, mama yangu. Nakuuliza mbele ya watu wote hawa, na leo nitasimama mpaka unijibu: ulikuwa umebeba nini, na ulikuwa unampelekea nani?